Sharti la Tano la Kusomea Hoteli

Direkta Kasongo amekufa, na binti yake alikuja kwangu kuagiza chakula cha msiba. Aliketi katika ukumbi mdogo wa nyumba yangu ya wageni hapa mtaani Dilala, kitambaa cheusi kichwani, simu mbili mezani, akanieleza kwa unyenyekevu kwamba baba yake ndiye mtu wa kwanza kufundisha mambo ya hoteli mjini Kolwezi, na kwamba alikuwa akinitaja mara nyingi. "Papa alikuwa anasema, Mama Ngalula ni mwanafunzi wangu. Ile nyumba yake yote muzuri muzuri, mi njo nilimufundisha." Nilikuwa nimeshika kalamu, nikaiweka chini. Tumekatazwa kumsema marehemu, nami nimejitahidi, siku nzima nimejitahidi, lakini kuna marehemu wengine wanakuja kukuchokoza wenyewe. Nilimuuliza binti wageni wake wanapenda samaki au nyama, na bukari, ugali wetu wa huku, iwe ya mahindi matupu au ichanganywe na muhogo. Kazi nimeipokea. Nitawapikia vizuri, maana waombolezaji hawana kosa. Ila uongo ule hauzikwi pamoja na mwenyewe bila mtu kuufungua kwanza, na aliyebaki wa kuufungua ni mimi.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza sekondari na jina langu lilikuwa limetoka kati ya waliopata diploma ya serikali. Kampuni ya mgodi, iliyokuwa inatupa kila kitu, unga, shule, hospitali, hata sinema ya Jumamosi, ilikuwa imeporomoka. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, gari la unga likaacha kupita, na wanaume waliozoea kofia za kazini wakaanza kushinda vibarazani wakichonga mipini ya majembe. Mtu akikosa unga hutafuta wa kumlaumu, na wakubwa wakamtafutia. Walisema redioni, wakasema sokoni, kwamba walioumaliza unga ni watu wa Kasai, mkoa mwingine wa nchi yetu, yaani sisi, ambao babu zetu waliletwa huku na Wabelgiji kuchimba shaba. Tukaitwa bilulu, wadudu. Sasa katikati ya balaa hilo, sikiliza vizuri, ndipo taasisi moja ya hapa mjini ikapata wazo la kufungua idara ya hoteli na utalii. Utalii! Mtalii gani angekuja Kolwezi mwaka ule, na angeonyeshwa nini? Shimo lililojaa maji ya kijani, na watu wanapigwa fimbo barabarani? Lakini tangazo lilibandikwa mlangoni, nami niliamini kila neno lake, kwa sababu nilikuwa na miaka ya kuamini matangazo.

Masharti yalikuwa manne. La kwanza, diploma ya serikali. La pili, cheti cha daktari kwamba huna kifua kikuu wala upele. La tatu, mafunzo ya vitendo katika nyumba ya wageni ya kampuni. La nne, mtihani mbele ya jopo: mwombaji apokee wageni, awahudumie mezani, ajibu maswali. Hadi hapo sina ugomvi. Vyuo vya siku hizi, vinavyobandika matangazo yao hadi kwenye ukuta wangu bila kuniomba, vinataka karibu hayo hayo, na Kiingereza juu yake. Ila Direkta Kasongo, aliyewekwa mkuu wa idara hiyo, alikuwa na nyongeza zake za mdomo. Mwombaji alitakiwa awe na kile alichokiita présentation, maana yake sura, umbo na meno. Alichora mstari wa chaki kwenye mwimo wa mlango wa jiko na kutusimamisha pale wasichana mmoja mmoja kupima kimo, kisha akatuambia tufungue kinywa, akachungulia kama mtu anayenunua mbuzi. Yeye mwenyewe asingeufikia mstari ule hata kwa viatu vyake vya kisigino. Ilisemekana aliwahi kukaa miezi kadhaa katika hoteli moja huko Ulaya. Alifanya nini huko, hakuna aliyejua. Wengine walisema alikuwa akiosha vyombo, na kama ni kweli, basi hiyo ilikuwa kazi yake pekee ya heshima.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa chakula wa nyumba ya wageni. Ninauona hadi leo: dari refu, mapazia mekundu yaliyopauka upande wa jua, taa kubwa ya vioo ambayo nusu ya vioo vyake vilikwisha kuanguka, na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe chenye alama za pasi. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa chakula. Ghala lilikuwa tupu, friji ilikuwa imejaa mafaili, na mabomba yalikuwa makavu hata choo tulikimwagia maji ya ndoo tulizobeba wenyewe. Basi tulijifunza kuhudumia sahani tupu. Nasema kweli. Tuliingia kwa mstari, sahani tupu mkono wa kushoto, tukainama upande wa kushoto wa mgeni, tukampakulia hewa kwa kijiko na uma. Direkta aliketi mahali pa mgeni, leso kifuani, akakata hewa kwa kisu, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu. "Chumvi ni mingi," alisema siku moja, akaisukuma sahani, na msichana aliyekuwa akihudumu akaomba radhi na kuirudisha jikoni. Msichana huyo alikuwa Bernadette, binti wa karani wa Fungurume, mcheshi kuliko sisi wote. Tulipofika jikoni alijiziba mdomo kwa aproni, akacheka hadi akakaa chini. "Ngalula," aliniambia, "huyu tata, huyu muzee, njaa imemupanda mu kichwa." Mimi sikucheka sana. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, yaani aina ya mjinga ambaye walimu wanampenda. Nilijua uma wa samaki na uma wa nyama, bilauri ya maji na bilauri ya divai, na nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku.

Yalikuwepo mambo mawili niliyoyapenda kwa dhati, na sitaki dharau yangu iyafunike. Nilipenda kutandika kitanda cha mgeni, shuka ikanyooka bila kunyanzi, na nilipenda ule muda mfupi ambapo meza imekamilika na hakuna bado aliyeiketia. Nilitaka maisha yangu yawe hayo. Nilitaka mtu atoke mbali, amechoka, aingie mahali pangu apumzike. Ningekuwa sina hamu hiyo, yote yaliyofuata yangenipita bila kuniumiza.

Siku moja nilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbi nikifuta bilauri, na Direkta alikuwa mezani na sekretari wake, Tata Mwilu, mtu mrefu mwenye sauti nyembamba. Hawakujua kwamba nipo, au walijua na hawakujali. Tata Mwilu alikuwa akisema, "Ile nyumba ya pale Dilala, ya mulango ya bleu, bilulu bakitoka, mi njo nitaingia. Iko na garaje." Direkta akamjibu, "Garaje ya nini, na motokari hauna?" "Motokari itakuya, Tata Direkta. Lakini nyumba haingojake." Walicheka pamoja, kicheko cha watu walioshiba, ingawa hawakuwa wameshiba. Nyumba ya mlango wa bluu ilikuwa yetu. Niliendelea kufuta bilauri ile ile. Sikutoka kuwatukana, na si kwa sababu ya woga tu. Nilikuwa bado nafikiri kwamba watu wa namna hii wana upande mwingine ulio bora, ambao wameuweka akiba. Nimewapangisha vyumba watu wa kila aina tangu wakati huo, na ninaweza kukuhakikishia kwamba wengi hawana akiba yoyote.

Juma lililofuata vijana wenye fimbo walikuja kwenye mtaa wetu na tukatoka. Hatukutoka peke yetu. Mtaa mzima wa watu wenye asili ya Kasai ulihamia stesheni ya reli, magodoro kichwani, tukalala chini ya maturubai kati ya njia za treni, watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja, wakipika, wakihara, wakizaa, wakizika. Treni ya kwenda Kasai ilipokuja watu walipanda hadi juu ya mabehewa, kuelekea mkoa ambao wengi wetu hatukuwahi kuutia mguu. Baba alitaka tupande mapema. Mama alikataa. Direkta Kasongo alikuwa ametuahidi mbele ya waombaji wote kwamba atakayepita mtihani atapewa chumba pale pale nyumba ya wageni, na jina lake litapelekwa kwa meya pamoja na majina ya wazazi wake, wasiguswe. Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. "Mi siende," alisema. "Ngalula atapita, tutabakia. Kwetu mi ni huku, nilizaliwa huku, nitaenda wapi?" Treni ikapita, na nyingine, nasi tumekaa kwenye mkeka tukiitazama. Baba alivuta kiko kisicho na tumbaku. Kila siku niliondoka stesheni asubuhi, nikajipangusa kwa kitambaa chenye maji, nikavaa blauzi yangu nyeupe, nikaenda kujifunza kuhudumia hewa.

Siku chache kabla ya mtihani Direkta alitukusanya na kutangaza kwamba, kwa kuwa ghala la taasisi lina matatizo kidogo, ndivyo alivyosema, kidogo, kila mwombaji atakuja na chakula chake cha kuwahudumia wanajopo, pamoja na maji ya kunawa. Chakula kiwe cha kweli, akasisitiza. Bernadette alinikonyeza. Nilimfuata Direkta kwenye korido nikamweleza kwa heshima zote kwamba tuko stesheni. Alinitazama, kisha akatazama saa yake. "Weye ni mwanafunzi wangu wa kwanza," alisema. "Kuya tu. Chakula ikiwa muzuri, ile ingine tutaona." Laiti ningekuwa na akili ningelisikia jambo lililokuwa ndani ya maneno yale. Nilisikia tu kwamba mimi ni wa kwanza.

Mama alikuwa amebakiwa na kuku mmoja jike, aliyefungwa mguu kwenye kamba ya turubai. Tulimtunza kwa ajili ya safari, na watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kumpa jina. Mama alimchinja asubuhi ya mtihani. Alimpika kwa mafuta ya mawese na nyanya kwenye mbabula, jiko la makaa tulilokuja nalo, watu wa maturubai ya jirani wakigeuza nyuso zao upande mwingine kwa adabu ili wasiitamani harufu. Akasonga bukari nyeupe ya unga tulioazima, akachemsha mboga ya lengalenga. Firigisi aliiweka juu kabisa, ionekane. "Hii ni ya mukubwa wao," aliniagiza. "Usisahau. Mutu akikula firigisi ku nyumba yako, amekubali weye." Nilivuka mji na sufuria kichwani, kitambaa kimefungwa, mkono mmoja nimeshika jagi kubwa la maji, wa pili beseni dogo. Njiani vijana wenye fimbo walinisimamisha. Nikawaambia ni chakula cha Direkta, wakanipisha. Hata fimbo inaheshimu tumbo la mkubwa.

Wanajopo walikuwa watatu: Direkta, Tata Mwilu, na mzee mmoja wa ofisi ya elimu ambaye alisinzia tangu mwanzo. Bernadette alikuwa amekwisha kumaliza wake, samaki wa kukaanga, na alikuwa amesimama pembeni kusubiri matokeo. Kwanza waliniuliza maswali. "Mugeni anafika pa hoteli," alisema Direkta kwa sauti ya darasani. "Unafanya nini ya kwanza?" Nilijibu nilivyoona kwetu tangu nilipozaliwa: ninampa kiti, ninampa cha kunywa, ninamletea chakula, na maswali yote yanangoja ashibe kwanza, kwa sababu kumuuliza mgeni atokako kabla hajala ni kumwambia kwamba unachagua wa kumlisha. Tata Mwilu alicheka kwa pua. "Faux, si vile," alisema Direkta. "Kitu ya kwanza ni carte d'identité, kitambulisho. Unauliza jina, unauliza kwao. Unaandika. Chakula ni nyuma." Mzee wa elimu akafungua macho, akatikisa kichwa kukubali, akayafumba tena. Niliomba radhi. Nikaenda kuleta chakula.

Na hapo ndipo nilipoona matunda ya elimu yote ile ya uma. Niliinama upande wa kushoto kama nilivyofundishwa, nikapakua kwa kijiko na uma, firigisi kwa Direkta, mapaja kwa wenzake. Uma wa nyama ulikuwa kulia kwa kosa la Bernadette, nikauhamisha kimya kimya. Harufu ya mawese ilipanda. Direkta Kasongo aliutazama uma wake, akatazama bukari inayotoa mvuke, akausukuma uma pembeni kwa kidole kimoja. Wote watatu wakaingia kwa mikono. Hata mzee wa elimu aliamka. Walikula bila kuzungumza, wakimega, wakichovya, wakinyonya mifupa hadi ikalia, mchuzi ukiwashuka kwenye viganja hadi kwenye vifungo vya mashati. Yule aliyetafuna hewa kwa miezi akaikuta na chumvi nyingi, sasa aliramba kidole kimoja kimoja. Nilisimama nyuma ya kiti chake, mikono nyuma, nikiwa na furaha. Ndiyo, furaha! Niliona firigisi ikienda, nikamkumbuka Mama, nikajua tumebaki Kolwezi.

Sahani zilipokuwa zimebaki mifupa, Direkta aliegemea kiti, akapumua. "Muzuri sana," alisema. "Nani alipika?" Nikasema, Mama. "Na papa yako kwao ni wapi?" Nikasema anatoka hapa Kolwezi, alizaliwa hospitali ya kampuni. "Hapana, kwao. Kijiji ya babu." Alijua, na Mwilu alijua, wote walijua tangu siku ya chaki na meno. "Unaona, mutoto," alisema sasa kwa upole, na upole ule ndio ninaouchukia zaidi katika yote, "kuko sharti ingine, ya tano. Mwanafunzi anatakiwa kuwa mutu wa hii province. Ilitoka juu, haikutoka kwangu. Weye unajua kazi, mi sikatae. Utasoma kwenu." Nikamuuliza sharti hilo lilitoka lini. Akamtazama Mwilu. Mwilu akasema, "Ni ya zamani kidogo." Nikauliza kwa nini sikuambiwa kabla ya chakula. Tata Mwilu alikuwa akitoa unyuzi wa nyama kwenye jino. Kisha Direkta akanyoosha mikono yake miwili mbele, vidole vimetanuka, vimelowa mafuta mekundu, akageuza uso pembeni kidogo kama wafanyavyo watu wanaosubiri kumiminiwa. "Kamata maji," alisema. "Umalize kazi yako."

Nilichukua jagi. Nilichukua beseni. Nikachukua na sufuria ya mama yangu, nikaifunga kitambaa chake, nikajitwika. Kifaransa cha kuhudumia nilikijua chote, lakini cha kujibu jambo la namna hii hakikuwa kwenye masomo. Nikatoka kwa mlango mkubwa wa wageni, ambao sisi tulikuwa tumekatazwa kuutumia. Nyuma yangu nilisikia kiti kikisukumwa na Direkta akiita, "Weye! Weye, maji!" halafu, "Bernadette, leta maji!" Bernadette alinisimulia miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimepata digrii yangu mbali na hapa na kurudi, kwamba maji yake yalikuwapo, nusu ndoo, chini ya meza ya jikoni. Alikwenda, akaipiga teke ndoo ikamwagika, akarudi mlangoni akainama upande wa kushoto. "Tata Direkta, maji imekatika." Mapazia mekundu ndiyo yaliyowafuta mikono siku ile. Naye Bernadette alipewa nafasi ya chuo, akasoma muhula mmoja wa sahani tupu, idara ikafungwa.

Stesheni nilimkuta Mama amesimama. Alikuwa amefagia mbele ya turubai, kama mtu anayesubiri ugeni. Baba alikuwa ameketi kwenye godoro lililokunjwa na hakunyanyua macho, kwa sababu alikuwa amekwisha kuuona mwendo wangu. Mama alinipokea sufuria, akafunua, akakuta tupu.

"Balikula?"

"Balikula yote."

"Na firigisi?"

"Mukubwa alikula."

Uso wake ulifunguka, na hilo ndilo jambo ninaloshindwa kumsamehe marehemu, hata leo hii ninapokata vitunguu vya msiba wake: ule uso wa mama yangu uliofunguka. Ikabidi nimalizie. Nilimwambia kuhusu kijiji cha babu, sharti la tano, utasoma kwenu. Nikamwambia na kuhusu maji. Nilidhani atanikemea, maana nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuondoka mezani na mikono michafu, hata mdai, hata adui. Alisikiliza mpaka mwisho. Alilitazama jagi, bado limejaa, akalimimina taratibu kwenye galoni la safari bila kumwaga tone. Kisha akainama na kuanza kukunja mkeka, yule yule aliyekuwa amekataa treni zote.

"Mama, unafanya nini?"

"Tunaenda," alisema. "Mi siwezi kuikala pamoja na bantu ba vile."